Msomaji aliyekumbuka vibaya: Fantasmagoriana na maoni ya wasomaji wake

Muhula uliopita nilisimama mbele ya wenzangu kusoma ekspoze yangu juu ya hadithi za kutisha. Nilisema kwamba katika mkusanyo uitwao Fantasmagoriana mna hadithi yenye jina «Historia ya mpenzi kigeugeu». Nilisema bila wasiwasi wowote, maana jina hilo nilikuwa nimelitoa katika utangulizi ambao Mary Shelley aliuandika mwaka 1831 kwa ajili ya riwaya yake Frankenstein. Mwenzetu mmoja wa safu ya mbele alikuwa na kitabu chenyewe cha Kifaransa katika simu yake. Akapitia orodha ya yaliyomo, akainua mkono: «Bwana Asistenti, jina hilo halimo humu.» Halikuwamo kweli. Ukumbi ukacheka, alama zikapungua, nami nikarudi kukaa.

Aibu ilipopoa nilikifungua kitabu mwenyewe, jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya ekspoze. Nikagundua kwamba kosa nililolinakili lilikuwa la Mary Shelley, ambaye pengine ndiye msomaji mashuhuri kuliko wote waliowahi kukishika kitabu hicho. Tena katika utangulizi uleule anatuambia kwamba hakuwa ameziona hadithi zile tangu zamani, lakini matukio yake yamebaki mapya kichwani mwake kama aliyasoma jana. Hakudanganya. Alikumbuka kwa nguvu, na alikumbuka vibaya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza tunatafuta nini hasa tunapopewa kazi ya kukusanya maoni ya wasomaji juu ya kitabu. Kwa desturi tunauliza: kimekupendeza? kimekutisha? ungempa rafiki yako akisome? Watu wanajibu kwa neno moja au mawili, sisi tunahesabu, tunachora jedwali, kazi imekwisha. Kwa hadithi za kutisha njia hiyo ni dhaifu zaidi, kwa sababu hakuna mtu anayependa kukiri mbele ya wenzake kwamba aliogopa, na kuna wengine wanaokiri ili kumfurahisha anayeuliza. Nataka kuonyesha, kwa mfano wa kitabu hiki kimoja, kwamba maoni ya kweli ya msomaji yanaonekana katika yale anayokifanyia kitabu: anachagua nini, anakata nini, anakumbuka nini, anajibu nini.

Fantasmagoriana ilitoka Paris mwaka 1812, juzuu mbili, hadithi nane zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani. Mfasiri hakuweka jina lake. Alijiita tu mpenzi wa mambo hayo. Leo tunajua kwamba alikuwa Jean-Baptiste Benoît Eyriès, mtu wa jiografia, ambaye mwaka 1821 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Société de Géographie ya Paris. Hadithi nyingi alizitoa katika Gespensterbuch, yaani kitabu cha mizuka, cha Johann August Apel na Friedrich Laun, kilichoanza kutoka mwaka 1810. Moja aliichukua kwa Musäus, aliyekuwa amekwisha kufa mwaka 1787, na moja kwa Heinrich Clauren. Jina la mkusanyo linakumbusha maonyesho ya fantasmagoria ambayo Étienne-Gaspard Robert, aliyejiita Robertson, aliyafanya Paris tangu 1798: taa, vioo vilivyochorwa, moshi, na sura za wafu zikiwakaribia watazamaji gizani. Kila aliyelipa kiingilio alijua kuwa ni taa. Alilipa hata hivyo, na alipiga kelele hata hivyo.

Kwa jina hilo Eyriès amekwisha kutoa maoni yake. Anamwambia msomaji wa Kifaransa: hii ni michezo ya taa, ogopa ukijua. Uchaguzi wake unasema zaidi. Gespensterbuch inaanza na Der Freischütz, kisa cha mwindaji na risasi za kichawi, ambacho Weber alikigeuza kuwa opera iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1821 na kupata sifa kubwa. Eyriès alikuwa na hadithi hiyo mkononi, ya kwanza kabisa kitabuni, akairuka. Akaweka mwanzoni mwa kitabu chake L'Amour muet ya Musäus, hadithi ya kijana wa Bremen anayempenda jirani yake bila kuweza kusema naye. Katika safari zake kijana huyo analala katika ngome yenye mzuka, na mzuka huyo ni kinyozi. Anamnyoa kijana ndevu na nywele zote bila kusema neno, kisha anaonyesha kwa ishara kwamba anataka kunyolewa vilevile, maana ndiyo njia pekee ya kufunguliwa kutoka katika laana yake. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza nasoma nini. Nikamjibu: hadithi za kutisha. Hakuamini.

Sasa tazama msomaji wa pili alifanya nini. Mwaka 1813, mwaka mmoja tu baadaye, Sarah Elizabeth Utterson alitoa London tafsiri yake ya Kiingereza kwa jina la Tales of the Dead, yeye naye bila kujitaja. Kati ya hadithi nane alichukua tano. Tatu aliziacha kwa sababu, anavyosema mwenyewe, hazikumvutia sawa na nyingine. Ile ya Musäus aliifupisha sana, akieleza kwamba mambo ya mapenzi ya kijana na msichana hayana mahali pake katika mkusanyo wa aina hii. Jina lake pia alilibadilisha: penye upendo bubu akaweka mzuka kinyozi. Kisha akaongeza hadithi moja aliyoitunga mwenyewe juu ya kisa alichosimuliwa, «The Storm».

Ndugu msomaji, hakuna jedwali la asilimia litakalokupa maoni yaliyo wazi kuliko hayo. Utterson anasema bila kusita kwamba hadithi ya kutisha ni ya kutisha tu. Upendo na uchumba viondoke. Eyriès hakufikiri hivyo, wala Musäus. Mimi niko upande wa Musäus. Ukimwondolea yule kijana upendo wake, huelewi kwa nini alikubali kulala ndani ya ngome ile, na kinyozi anabaki kichekesho kisicho na mzizi. Lakini namshukuru Utterson kwa kuwa mkasi wake unaonekana. Msomaji anayekata waziwazi ni rahisi kubishana naye kuliko yule anayesema «kitabu ni kizuri».

Hasara kubwa zaidi iko katika zile tatu alizoziacha. Mbili kati yake, La Chambre grise na La Chambre noire, ni kama ndugu wawili wanaogombana. Ya kwanza, ya Clauren, inasimulia juu ya chumba cha kijivu ambamo watu wanaogopa kulala, na mgeni anayekutana humo na mzuka. Ya pili, ya Apel, iliandikwa kuijibu. Ndani yake marafiki wamekusanyika, La Chambre grise imekwisha kusomwa kati yao, na wanaibishania: inawezekana au haiwezekani? Kisha kinaletwa kisa kingine, cha chumba cheusi safari hii, na mazungumzo yanaelekea kwenye maelezo ambayo hayahitaji mfu yeyote kutoka kaburini. Kwa maneno mengine, Fantasmagoriana inafungwa na hadithi ambamo wasomaji wanatoa maoni yao juu ya hadithi iliyotangulia katika kitabu kilekile. Eyriès aliziweka mwisho, moja baada ya nyingine, na sidhani kama ni bahati. Msomaji wake anatoka kitabuni akiwa amekwisha kuonyeshwa namna ya kubishana na kitabu. Msomaji wa Utterson hakuonyeshwa hivyo. Alibaki na hofu tupu, bila ule mjadala.

Nikija kwa wasomaji mashuhuri, habari yao inajulikana, nitaieleza kwa ufupi. Juni 1816, Byron alikuwa amepanga Villa Diodati, huko Cologny kando ya ziwa la Geneva. Alikuwa na daktari wake, Polidori, kijana wa miaka 20. Jirani walikaa Percy Shelley, Mary Godwin mwenye miaka 18, ambaye bado hawakuwa wamefunga ndoa, na Claire Clairmont. Mvua haikukoma. Mwaka uliotangulia, Aprili 1815, mlima Tambora ulikuwa umelipuka huko Indonesia, na vumbi lake lilikuwa limeharibu majira ya joto ya Ulaya. Kwa kukosa kutoka nje wakasoma Fantasmagoriana kwa Kifaransa, na Byron akatoa pendekezo: kila mmoja aandike hadithi yake ya mzuka. Kutokana na pendekezo hilo tulipata Frankenstein mwaka 1818, na The Vampyre ya Polidori mwaka 1819, ambayo kwanza ilichapishwa kwa jina la Byron.

Watu husema kwamba kitabu hicho kiliwatisha sana. Ushahidi ni mwembamba. Dibaji ya Frankenstein ya 1818, iliyoandikwa na Percy kana kwamba ni Mary anayesema, inazitaja hadithi za Kijerumani kama burudani ya jioni, zilizowatia hamu ya kuziiga kwa mchezo. Hofu kubwa tunayoisoma katika shajara ya Polidori, tarehe 18 Juni, ilitokana na kitu kingine: Byron alikariri sehemu ya Christabel, shairi la Coleridge, na Percy Shelley akatoka mbio chumbani akipiga kelele, ikabidi daktari ammwagie maji usoni. Kwa hiyo, tukiwauliza wakaaji wa Diodati swali letu la kawaida, «kitabu kilikutisha?», huenda wangejibu: hapana, kilituchekesha, lakini lile shairi, acha kabisa. Nasi tungeandika katika jedwali kwamba kitabu kimeshindwa. Kumbe kitabu hicho ndicho kilichowafanya washike kalamu.

Miaka 13 baada ya dibaji ile ya mchezo, Mary anaandika utangulizi wa 1831, na sauti ni nyingine. Kati ya hadithi nane anazikumbuka mbili. Moja ni ya mwanamume anayedhani anamkumbatia bibi arusi wake, kumbe mikononi mwake yumo mzuka wa yule aliyemwacha. Hiyo ndiyo aliyoipa jina lililonipotezea alama. Kitabuni inaitwa La Morte fiancée. Ya pili ni ya babu wa ukoo aliyetenda dhambi, ambaye amehukumiwa kuwabusu watoto wa ukoo wake mwenyewe, na kila anayebusiwa hunyauka. Hiyo inatoka katika Portraits de famille.

Nilizisoma zote mbili nikiwa na utangulizi wa Mary kando yangu, na kilichonishangaza kuliko jina ni watu waliotoweka. Katika La Morte fiancée tunaanza mahali watu wa heshima walipokusanyika kwa ajili ya maji ya tiba. Mgeni mmoja anawasimulia kisa, na wasikilizaji wana la kusema juu yake. Katika Portraits de famille watu wamekaa pamoja wakisimuliana mambo ya mizuka, na busu la babu tunalisikia kinywani mwa mmoja wao. Mary amelikumbuka busu, amemkumbuka mfu mikononi mwa bwana arusi, amekumbuka hata mwangaza wa mwezi. Msimulizi amemsahau. Wasikilizaji amewasahau. Kilichobaki kwake ni picha mbili zisizo na mtu wa kuzisimulia.

Hapo mtu anaweza kusema: msomaji mzembe. Mimi nasema tofauti. Fungua Frankenstein. Walton anamwandikia dada yake. Ndani ya barua zake Victor anasimulia. Ndani ya masimulizi ya Victor kiumbe mwenyewe anasimulia. Ni hadithi ndani ya hadithi ndani ya hadithi, na kila mmoja ana msikilizaji wake. Sina uthibitisho kwamba Mary aliutoa mpango huo katika Fantasmagoriana, kwani riwaya za barua zilikuwa nyingi wakati wake. Lakini inastaajabisha kuona kwamba kile alichokisahau alipokuwa akieleza kitabu cha wengine, ndicho alichokijenga kwa uangalifu katika kitabu chake. Ningekuwa mwalimu wake ningempa sifuri kwa muhtasari na alama zote kwa jibu.

Baada ya ekspoze yangu kuanguka, sisi sita tulipatana kuzisoma hadithi zote nane na kujaribu kuzisimulia kwa Kiswahili. Tulianza jioni moja umeme ulipokatika, na sitaki kuifanya jioni hiyo kuwa Diodati. Tulikuwa na tochi za simu na mahindi ya kuchoma. Lakini hatukuulizana ipi imetisha. Tulikubaliana kila mmoja asimulie ile anayoikumbuka, bila kitabu. Wanne kati ya sita walisimulia hadithi ileile, La Tête de mort, ambayo Mary Shelley haitaji kabisa.

Inahusu kijana aliyemkimbia baba yake, mwalimu wa shule ya kijiji, akaenda kuishi na watu wa michezo ya kamba na viinimacho. Baba amekufa na urithi ameuelekeza kwa mwingine. Kijana anarudi kuupinga. Jioni anataka kuwaonyesha watu fuvu linalozungumza, yaani yeye mwenyewe atasema bila kufungua kinywa. Fuvu linaletwa kutoka makaburini. Katikati ya mchezo anapoteza nguvu, kwa sababu uso anaouona si wa mtu asiyemjua: fuvu lile ni la baba yake.

Kwa nini hiyo, na si busu la babu? Mwenzetu wa kwanza alisema kwamba mzuka wa ngome ni mambo ya wazungu, lakini mtoto anayerudi baada ya mazishi kugombania nyumba ni jambo la kila mtaa hapa Lubumbashi. Mwingine akapinga: busu la babu nalo ni jambo la ukoo, ila kwake haikutosha kuambiwa kwamba watoto wanakufa, alitaka kujua tangu mwanzo babu anadai nini, na nani wa kulipa. Alisoma Portraits de famille kama mtu aliyeketi katika baraza la familia. Nadhani ni usomaji mzuri kuliko ule wa Mary, maana hadithi yenyewe inaishia katika deni hilo, kosa la mwanzilishi wa ukoo na namna linavyomalizika, wala si katika busu.

Kisha tukakwama kwenye maneno, na hapo ndipo tulipojifunza zaidi. Fantôme tuliita mzuka bila ugomvi. Mtu mmoja alipendekeza «mzimu», wengine wakakataa: mzimu ana watoto, ana haki, anaweza kuombwa, huwezi kulibandika neno hilo kwa kinyozi wa Musäus. Kwa babu wa Portraits de famille, lakini, tulilirudisha, kwa sababu yeye ni wa ukoo kweli, na anawaangamiza wale anaopaswa kuwalinda. Ukimwita mzuka, hadithi inakuwa ya usiku na baridi. Ukimwita mzimu, inakuwa kashfa.

Revenant ilitushinda. «Mrudi kaburini» ni maana iliyo kinyume kabisa, maana mtu huyo anarudi kaburini kulala tena, na tungefurahi wote. Tukaandika «aliyerudi kutoka kaburini», maneno matatu kwa neno moja, na hayapendezi. Lililotutisha sote, hata waliokuwa wakicheka, ni upatanisho wa sarufi. Tulikuwa tukiandika sentensi ya mfu anayesimama. Mmoja akasoma: «maiti ilisimama». Mwingine akasoma: «maiti alisimama». Kiswahili kinakubali yote mawili, kwa kuwa wengine huihesabu maiti kuwa kitu na wengine huihesabu kuwa mtu. Tukaamua kuanza na «i-» maadamu mwili umelala, na kubadili kuwa «a-» katika sentensi anapofumbua macho, bila kumwonya msomaji. Kifaransa cha Eyriès hakiwezi kufanya hivyo. Wala sijui kama Kijerumani cha Laun kinaweza. Hapo nawaachia wenzetu wanaosoma lugha hiyo.

Kwa wale watakaopewa kazi kama yangu muhula huu, nashauri jambo moja la vitendo. Mpe msomaji wako hadithi, usimwulize kitu, rudi baada ya wiki mbili bila kitabu, umwombe akusimulie. Andika anavyosema, hata jina akilikosea. Kisha fungua kitabu mbele yake, mtazame pamoja alichoacha na alichoongeza, na hapo ndipo umwulize kwa nini. Mimi nimeanza na mwenzangu wa chumba, yule aliyenisikia nikicheka. Nilimpa L'Amour muet. Jana alinisimulia: kinyozi yumo, ngome imo, jirani wa Bremen yumo na mama yake mkali. Mzuka alimwongezea neno moja. Anasema kwamba kabla ya kuondoka, kinyozi aliuliza bei.